Gauti yangu haisikii dawa

Bibi Nesi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wanne, umri miaka 49, fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Naomba unisomee kwa utulivu, maana nyumbani kwangu sasa kila mtu amekuwa daktari.

Gauti ilinianza kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nililala mzima, saa nane usiku nikaamka nikidhani nimeangukiwa na kitu. Kulipokucha kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa. Shuka likigusa natoa machozi, hata upepo wa feni niliuomba uzimwe. Mwanzo ilikuwa ikija mara moja kwa mwaka. Sasa haipiti miezi miwili haijanishika, na imeanza kuhama, mara kifundo cha mguu, mara goti. Ikishika goti siwezi kuchuchumaa, na fundi baiskeli asiyeweza kuchuchumaa ni mtazamaji tu.

Dawa nimetumia. Ikinishika naenda duka la dawa nachomwa sindano ya diklofenaki, na vidonge vyake nameza mpaka nipate nafuu. Hospitali waliniandikia alopurinoli ya miligramu 100. Hiyo nameza nikishikwa, ikipoa naacha ili mwili usizoee. Kuna kipindi nilijikaza nikaimeza mfululizo, haukuisha mwezi ikanishika vibaya kuliko siku zote. Nikaona kumbe dawa yenyewe ndiyo inayonichokoza, nikaiweka kando. Kijana wa dukani naye akaniambia hiyo ni ya zamani, siku hizi kuna kali zaidi. Yuriki nilipimwa siku goti limevimba, ikasoma 410, mtu wa maabara akasema iko kawaida. Kama iko kawaida, kinachoniumiza ni nini?

Chakula ndiyo usiseme. Nimeacha nyama, dagaa, kamba na pweza. Nimeacha maharage na mbaazi. Hadi mchicha nimeacha. Asubuhi watu wote wanakula mbaazi za nazi na maandazi, mimi na chai yangu. Bia nimeacha kabisa, nikikaa na wenzangu nakunywa soda zangu za machungwa. Mke wangu anasema amechoka kupika vyungu viwili. Shangazi yangu wa Pangani anasema nimekanyaga kitu cha watu, akamleta mzee akaniandikia kombe, nimelinywa. Na pale stendi kuna mtu anauza dawa ya chupa ya kusafisha yuriki, majirani wameisifu kwamba inakata maumivu siku hiyohiyo.

Presha pia ninayo, ila hiyo haina shida, nameza haidroklorothiazidi kila asubuhi. Halafu kuna kinundu kigumu kimenitokea kwenye kiwiko. Hakiumi, nadhani hakihusiani.

Naomba uniambie, nibadili nitumie dawa ipi? Au ninywe ile ya chupa?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Umefanya vizuri kuandika kila kitu, hata ulichokiona hakina maana. Nianze na hicho hicho, kinundu cha kiwikoni. Kuna vinundu vya aina nyingi na mimi sijakishika kwa mkono, lakini mtu mwenye gauti ya miaka akiniambia ana uvimbe mgumu usiouma kwenye kiwiko, kitu cha kwanza ninachokifikiria ni yuriki iliyojilundika. Hujilundika pia kwenye sikio, vidole na kisigino. Kama ndiyo yenyewe, basi mzigo ulio mwilini mwako ni mkubwa na ni wa siku nyingi, na hata kiwango unachotakiwa kukifikia kwenye kipimo ni tofauti na cha mtu anayeumwa kidole peke yake.

Yuriki ni mabaki. Mwili wenyewe huitengeneza kila siku seli zake zikichakaa, nyingine hutoka kwenye chakula, na figo ndizo zenye kazi ya kuitoa kwa mkojo. Kwa watu wengi wenye gauti tatizo ni figo kutoitoa ya kutosha, wala si ulafi, na hili nalo mara nyingi hurithiwa kwenye ukoo, mtu halichagui. Wewe umeona majaruba ya chumvi huku pwani kwetu. Maji yakiwa mepesi hayana chembe. Jua likiyapiga yakakolea, chembe zinaanza kujijenga chini, na ukitaka ziyeyuke inabidi uyazimue, tena usubiri. Kwenye damu yuriki hukolea kiasi cha kujenga chembe ikipita takribani maikromoli 400 kwa lita. Chembe hizo hukaa kimya kwenye kiungo, siku mwili ukizishtukia ndiyo unaamka saa nane usiku.

Sasa ile 410 yako. Karatasi ya maabara huandika kawaida ya mwanamume kuwa ni mpaka kama 420, kwa hiyo aliyekusomea hakudanganya. Lakini hiyo ni kawaida ya watu wasio na gauti. Mwenye gauti anatakiwa ashuke chini ya 360, na mwenye vinundu au mashambulio ya mara kwa mara chini ya 300, ili zilizokwisha kujijenga ziyeyuke. (Maabara nyingine husoma kwa miligramu, hapo 360 ni 6 na 300 ni 5.) Na tena ulipimwa goti limevimba. Wakati wa shambulio yuriki ya kwenye damu mara nyingi huteremka, mtu akasomeka yuko sawa na huku anagugumia kwa maumivu. Kapime tena baada ya wiki mbili au zaidi tangu uvimbe uishe. Huenda ukaona namba nyingine.

Nije kwenye dawa, maana hapa ndipo penye shida yako yote. Unazo dawa za kazi mbili tofauti na umezipa zote kazi moja. Diklofenaki hutuliza shambulio la leo, haigusi yuriki hata kidogo. Alopurinoli hushusha yuriki, haitulizi maumivu hata kidogo. Ukiimeza siku unayoumwa haikusaidii siku ile, na ukiiacha siku unayopona yuriki inapanda ilipokuwa. Hilo la mwili kuizoea ondoa kabisa. Alopurinoli humezwa kila siku, unaumwa huumwi, kwa miaka, kama unavyomeza ya presha.

Halafu miligramu 100 ni dozi ya kuanzia tu. Mtu huanzishwa hapo, mwenye figo dhaifu huanzishwa 50, kisha kila baada ya wiki chache anapimwa yuriki na kuongezewa mpaka afike chini ya ile namba. Wengi hufika kwenye 300, wapo wanaohitaji 400, 500 na zaidi, na daktari anaweza kwenda hadi 800 au 900. Ninaowaona mimi wengi wameandikiwa 100 miaka hiyo, hakuna aliyewapima tena, kila mwezi wananunua ileile, na wakishikwa wanasema dawa imeshindwa. Dawa gani iliyoshindwa hapo?

Hili limepimwa. Huko Nottingham, Uingereza, manesi walikabidhiwa wagonjwa wa gauti wawaeleweshe ugonjwa wao na kuwapandishia dozi hatua kwa hatua huku wakiwapima, wenzao wakaendelea na matibabu ya kawaida. Wote walikuwa watu 517, na matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018. Baada ya miaka 2, asilimia 95 ya waliosimamiwa na manesi walikuwa wameshuka chini ya 360. Wale wengine asilimia 30. Dawa yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa hiyohiyo alopurinoli ambayo kijana wa dukani anaiita ya zamani. Ya zamani kweli, ilianza kuruhusiwa kwa gauti mwaka 1966, na Gertrude Elion aliyeshiriki kuitengeneza alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ipo nyingine inaitwa febuksostati, hiyo ni ya mtu ambaye alopurinoli imemkataa au imepandishwa ipasavyo na bado namba haishuki. Ni ghali zaidi, na mwenye ugonjwa wa moyo haanzishwi hivi hivi. Wewe hujafika huko.

Na lile shambulio baya ulilolipata ulipojikaza kumeza, wala halikuwa ajabu, ni kwamba hukuonywa tu. Yuriki ikianza kushuka, chembe zilizolala viungoni zinaanza kumomonyoka, na mwili unazishtukia upya. Miezi ya mwanzo mtu anaweza kushikwa hata zaidi ya alivyozoea. Kwa sababu hiyo anayeanzishwa alopurinoli hupewa na kinga pembeni, mara nyingi kolchisini ya nusu miligramu mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi mitatu hadi sita. Hata wale wa Nottingham nafuu yao ya mashambulio ilionekana wazi mwaka wa pili. Kwa hiyo ukianza upya, anza na kinga, na ukishikwa katikati usiache alopurinoli. Tuliza shambulio, nayo endelea kuimeza kama kawaida.

Kitu kimoja tu ndicho cha kukufanya uiache palepale: vipele au ngozi kuwasha na kubabuka, vidonda mdomoni, macho kuwa mekundu, homa. Hutokea kwa watu wachache, zaidi miezi ya mwanzo, lakini ikitokea ni hatari kweli. Usingoje kesho, nenda hospitali na boksi lako mkononi.

Sindano sasa. Mwanangu, hizo diklofenaki za dukani zinanitisha kuliko gauti yenyewe. Wewe una presha, na diklofenaki hupandisha presha, huchubua tumbo na huumiza figo, na figo ndizo tunazozitegemea zitoe yuriki. Kabla ya jambo lolote kapime kreatinini tujue figo ziko wapi, na sukari wakucheki humohumo. Siku ya shambulio zipo njia nyingine. Kolchisini inafanya kazi nzuri ukiiwahi siku ileile, miligramu 1 kwanza na nusu baada ya saa moja, basi. Ule mtindo wa zamani wa kumeza kila saa mpaka tumbo liharishe umeshaachwa, ni sumu. Kama figo si nzima, au unatumia dawa nyingine kama ile antibayotiki ya klarithromaisini, muulize daktari kabla ya kuigusa. Kwa mtu ambaye hawezi diklofenaki wala kolchisini, daktari humwandikia prednisoloni ya siku chache, na sukari ikiwa juu ataangalia mara mbili. Mwombe akuandikie dawa yako ya shambulio mapema, ikae ndani, usianze kuitafuta usiku.

Na usikubali mtu akuchue wala akukande na maji ya moto kiungo kikiwa kimewaka. Chukua barafu wanazouziwa watoto mtaani, ifunge kwenye kitambaa, weka dakika kumi na tano au ishirini, pumzika, rudia. Mguu uuinue juu ya mto.

Ulisema presha haina shida. Ina shida. Haidroklorothiazidi ni ya kukojoza, na dawa za jamii hiyo huzuia figo kutoa yuriki. Inawezekana kabisa ndiyo iliyofanya shambulio la mara moja kwa mwaka liwe la kila miezi miwili. Kumbuka ulianza kuimeza lini, ulinganishe. Usiiache kwa kichwa chako, presha isiyotibiwa inaua, ila muulize daktari kama unaweza kuhamia losatani, ambayo yenyewe hupunguza yuriki kidogo, au amlodipini. Kama kuna anayekupa na aspirini ndogo ya moyo, mtajie nayo.

Chakula nitakipitia haraka, kwa sababu nyumba nzima mmekihangaikia kuliko kinavyostahili. Ukijinyima vizuri sana yuriki hushuka kidogo tu, haitoshi kumtoa mtu 500 akafika 300. Mbaazi rudi kuzila. Maharage na mchicha pia, vyakula hivyo vya mimea havijaonekana kuleta gauti. Maziwa na mtindi ni vizuri, kahawa haina neno. Vya kupunguza ni maini, figo, utumbo, supu nzito za nyama, dagaa, kamba na kaa. Samaki wa kawaida kipande kimoja kwenye mchuzi kula, mke asipike vyungu viwili. Bia umeacha, hongera, na mnazi nao uwe hivyohivyo. Lakini soda! Sukari ya soda mwilini hutengeneza yuriki. Umetoka kwenye bia ukaingia kwenye kitu ambacho nacho kinakupandishia, tena ukidhani unajitibu. Kunywa maji, na fundi anayeshinda juani anywe mengi. Ukifunga Ramadhani, alopurinoli kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, itafaa baada ya futari, na maji uyanywe usiku kucha kidogokidogo, kwa sababu kukaukiwa nako huamsha gauti. Kitambi kama kipo kipungue taratibu, kujinyima chakula ghafla huleta shambulio.

Shangazi usigombane naye. Kombe halijakukataza kumeza vidonge, na yeye amefanya kwa mapenzi. Ninachokikataa ni chupa ya stendi. Dawa isiyo na jina la kilichomo, inayokata maumivu ya gauti siku hiyohiyo, mimi huwa najiuliza imewekwa nini ndani. Zimekamatwa sehemu nyingi duniani dawa zinazoitwa za miti kumbe zimechanganywa diklofenaki au deksamethasoni. Majirani wanapona kweli siku ile, na figo, sukari na presha vinalipa baadaye.

Goti moja likivimba, likawa la moto, na ukawa na homa au kutetemeka, usiseme ni ileile ya siku zote. Usaha ndani ya kiungo hufanana na gauti na huharibu goti ndani ya siku chache. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, watoe maji ya goti wayapime, na kabla ya hapo usichomwe sindano ya dukani ikaficha homa. Kupima maji ya kiungo ndiko pia kunakothibitisha gauti bila ubishi, na sioni kwenye barua yako kama uliwahi kufanyiwa. Uliza.

Uende hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye maabara, lakini uende siku ambayo huumwi. Watu wa gauti huwa tunawaona wakichechemea tu, na siku ile kila mmoja anashughulikia maumivu, dozi hakuna anayeikumbuka. Beba vidonge vyako vyote, na cha presha. Mwambie daktari unataka yuriki ishuke chini ya 300, na unataka kujua lini utapimwa tena ili dozi ipande. Na kiwiko mwonyeshe kabla hajauliza.

Bibi Nesi